Kosa lilikuwa kwenye 92, si kwenye asilimia

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafanyakazi 24 hapa Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku, tunasafiri mara mbili kwa mwaka kwenda Dar es Salaam kucheza boling ya pini kumi, kila mtu michezo mitatu. Hendikapu yetu, yaani pini anazoongezewa mwenye wastani mdogo kila mchezo, ni asilimia 80 ya tofauti kati ya wastani wa mtu na msingi wa 180. Safari mbili za kwanza kombe alichukua mhasibu wetu, mwenye wastani wa 188, ndiye aliyetufundisha kushika mpira. Safari ya tatu kijana mgeni tuliyemwandika wastani wa 92 alipata 151, 148 na 163, akamwacha mbali mhasibu aliyepata 196, 181 na 202. Ile 92 tuliitoa kwenye michezo miwili aliyowahi kucheza kwenye sherehe ya kuzaliwa. Tulirudi Dodoma watu hawasemeshani. Sasa kuna wanaotaka kila mwenye wastani unaozidi 170 azuiwe, kuna wanaotaka hendikapu ifutwe, na kuna wanaotaka wanawake waongezewe pini 15 kila mchezo. Asilimia gani ni ya haki? Na kikomo tuweke au tusiweke, cha mtu mmoja au cha jumla ya wastani wa timu ya watu wanne? Nimeambatanisha orodha ya wastani wa wote. – Katibu, Ilazo*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma orodha yako mara tatu na kalamu mkononi, na naona ugomvi wenu umeshika mahali pasipo na kidonda. Wote mnabishana juu ya asilimia. Tuanze na hesabu ya siku ile, halafu utaona mwenyewe.

Kijana ameandikwa 92. Kutoka 92 hadi 180 ni pini 88. Asilimia 80 ya 88 ni 70 na kipande, kipande tunakitupa, anabaki na pini 70 kwa kila mchezo, 210 kwa michezo mitatu. Pini alizoangusha mwenyewe ni 462. Jumla 672. Mhasibu hana hendikapu kwa sababu wastani wake umeshavuka msingi, kwa hiyo anabaki na 579 zake. Tofauti ni pini 93. Sasa shusha asilimia. Weka 60, ambayo ni ndogo kuliko kawaida ya mashindano mengi ya ridhaa. Kijana anapata 52 kila mchezo, 156 kwa jumla, anafika 618. Bado ameshinda. Rudisha asilimia 80 yenu kama ilivyo, ila mwandike kijana 150, namba iliyo karibu zaidi na alichoonyesha siku hiyo. Hendikapu yake inakuwa 24, kwa michezo mitatu 72, na jumla yake 534. Mhasibu anamshinda kwa pini 45.

Namba moja tu imebadilika, na kombe limehama. Ndiyo maana nasema kosa lilikuwa kwenye 92. Hendikapu ni hesabu ya kutoa na kuzidisha tu, inaamini chochote unachoilisha. Hapa kwetu tunaijua lumbesa. Gunia ni moja kwa jina, linahesabiwa moja, linalipiwa moja, lakini limeongezewa kichwa juu mpaka mkulima anatoa mazao ya gunia moja na zaidi kwa bei ya moja. Wastani uliopungua ukweli ni lumbesa ya boling. Karatasi inasema 92, ndani mna 150, na aliyelipia ile ziada ni kila mtu mwingine aliyekuwa ukumbini.

Simsemi kijana wenu kwamba alidanganya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu kwenye barua yako nimehisi wapo wanaomnong'ona. Mtu anaweza kutoka 90 hadi 150 bila hila yoyote, na mchezo wenyewe ndivyo ulivyoumbwa. Chukua mchezaji anayeangusha pini tisa katika kila fremu, yaani kila zamu ya mitupo miwili, kwa mtupo wa kwanza, na ile moja inayobaki anaikosa kila mara. Fremu kumi, tisa tisa, anapata 90. Chukua mwingine anayeangusha tisa zilezile kwa mtupo wa kwanza, ila ile moja anaiondoa kila mara. Huyu kila fremu ni speya, yaani kumi pamoja na pini za mtupo unaofuata, na mtupo unaofuata ni tisa. Anapata 190. Mtupo wa kwanza wa hawa wawili haukutofautiana hata kwa pini moja katika mchezo mzima. Tofauti yote ya pini 100 imetoka kwenye pini moja iliyobaki imesimama.

Kwa hiyo mtu akifundishwa jambo moja, asimame wapi ili aione vizuri pini ya pembeni, wastani wake hautambai, unaruka. Mchezaji wa 180 haruki hivyo, kwa sababu speya zake nyingi ameshazichukua. Anachotafuta sasa ni straiki (pini zote kumi kwa mtupo mmoja) mfululizo, na hizo zinakuja kwa kudra na mazoezi ya miaka. Anayeanza ana akiba kubwa ambayo haijaguswa. Hendikapu inamwangalia kwa macho ya jana, naye jana yake iko mbali sana na leo.

Halafu sherehe ya kuzaliwa! Kwenye sherehe watu wanatupa huku wanakula keki, wanabadilishana zamu, watoto wanawekewa kinga pembeni ya njia ili mpira usiingie mtaroni, na mpira ni wowote ulio karibu. Michezo ya namna hiyo isiingie kwenye daftari la wastani hata kidogo, iwe imemsaidia mtu au imemwangusha. Daftari lipokee michezo ya mashindano tu, iliyochezwa mbele ya mwandishi wa alama.

Shirikisho la boling la Marekani, USBC, ambalo kanuni zake ndizo nimezitumia zaidi, linataka michezo 21 ya ligi kabla wastani wa msimu haujakubaliwa kuwa wastani wa mtu. Michezo 21 ni kitu kizuri. Lakini ninyi mnacheza michezo mitatu kwa safari, safari mbili kwa mwaka. Kuifikia 21 mnahitaji safari saba, yaani miaka mitatu na nusu. Siwezi kukuambia msubiri miaka mitatu na nusu. Nimepiga hesabu kwa hali yenu, na ushauri wangu ni michezo tisa. Aliyesafiri mara tatu na kucheza yote ana wastani unaoweza kubeba uzito. Kwenye orodha yako walio wengi wameshafika hapo.

Ambaye hajafika tisa msimnyime safari wala furaha. Acheze katika timu, alama zake zihesabiwe, na awe na zawadi yake ya wageni. Kitu kimoja tu asiruhusiwe, kombe la hendikapu. Kuna njia nyingine ambayo baadhi ya waandaaji wanaipenda, ya kumwekea mgeni wastani wa kubuni, tuseme wastani wa kikundi kizima. Niliijaribu kwenye mfano wenu. Wastani wa kikundi ni 135. Nikachukua michezo miwili ya kijana, nikaongeza michezo sita ya kudhani yenye 135, nikagawa kwa nane. Inakuja 124, na kwa msingi na asilimia mpya nitakavyovieleza chini bado angembwaga mhasibu kwa pini 57. Hesabu nzuri haigeuzi habari mbovu kuwa habari njema. Mgeni asubiri. Kusubiri hakumuumizi, na kunawaponya wengine wote.

Baada ya hapo kuna yule anayepanda haraka. USBC wana kanuni ya pini 10: kama wastani wa sasa wa mchezaji umepita ule wa msimu uliopita kwa pini 10 au zaidi, na ameshacheza michezo ya kutosha, wastani wa sasa ndio unaotumika. Ninyi irekebisheni hivi. Mwishoni mwa kila safari linganisha wastani wa michezo yote ya mtu na wastani wa safari hiyo peke yake. Kama safari imezidi kwa pini 10 au zaidi, jumlisha namba hizo mbili, gawa kwa mbili, na hiyo ndiyo namba yake ya safari ijayo. Kama safari imekuwa mbaya, usimshushe kwa njia hiyo. Acha wastani wa jumla ujishushe wenyewe polepole. Kupanda kwa haraka, kushuka kwa taratibu. Nina sababu, na nimeijua kwa uchungu.

Miaka iliyopita, kabla sijahamia huku kikazi, nilikuwa mwandishi wa alama kwenye ligi ndogo ya Dar es Salaam. Kulikuwa na mchezaji mmoja, mtu mzima, mwenye mkono mtulivu kabisa. Jioni moja aliachiwa pini namba 10, ile ya kona ya kulia, ambayo kwa anayetumia mkono wa kulia ni ngumu. Aliichukua. Fremu mbili mbele ikabaki tena, akaichukua tena. Mara tano jioni hiyo aliichukua, mpira unapita ukingoni mwa mtaro kama umewekewa reli. Fremu ya kumi ya mchezo wa mwisho, timu yake imeshashinda zamani, pini ileile imebaki. Alisimama mahali palepale, akapiga hatua zilezile, na mpira ukaingia mtaroni katikati ya njia. Hakukunja uso. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba za viatu kabla mpira haujafika mwisho.

Nilinyamaza, ila niliandika pembeni ya karatasi. Wiki iliyofuata nikaangalia tena, na nyingine tena. Kila timu yake ilipokuwa imeshashinda au imeshashindwa, fremu ya tisa na ya kumi zake zilikuwa wazi, yaani pini zimebaki zimesimama. Pini tano hapa, kumi na mbili kule. Kwa mwezi mmoja wastani wake ulishuka kwa pini tisa, na mashindano ya mwisho wa mwaka yalikuwa yanakaribia. Anayeficha makali hafanyi hivyo katika mchezo unaoamuliwa. Anafanya pale ambapo haimgharimu kitu. Ukitaka kumjua, usiangalie jumla yake. Angalia fremu za mwisho za michezo iliyokwisha amuliwa.

Tulimwita faragha, mimi na mwenyekiti, tukamwonyesha karatasi. Hatukumwita mwizi. Tulimwambia kamati imempandishia wastani kwa mashindano yale, na kama hakubali atarudishiwa ada yake ya kiingilio bila maneno. Alikaa kimya kidogo, akasaini, akacheza, akawa wa nne. Tuliendelea kuwa marafiki. Hiyo ndiyo njia ninayokusihi uifuate: kamati iwe na mamlaka ya kupandisha wastani, kupandisha tu na kamwe si kushusha, ifanye hivyo kabla mpira wa kwanza haujatupwa, na mchezaji awe na haki ya kukataa na kurudishiwa fedha. Kanuni za USBC zinampa mwandaaji uwezo wa namna hiyo, na nimeuona ukifanya kazi. Kupandisha mtu baada ya matokeo kutoka ni kitu kingine kabisa. Hapo hakuna haki tena, kuna kulipiza kisasi.

Sasa nije kwenye msingi, ambao hamkuuliza lakini umewaumiza pia. Msingi wenu ni 180 na mchezaji wenu bora ana 188. Maana yake hesabu imemkata mtu huyo kichwa. Wengine wote wanapimwa kutoka 180, yeye pini zake nane za juu hazipimwi popote. Kama kanuni ingemfikia, angepaswa kuwa chini ya sifuri kwa pini 6 na kipande kila mchezo. Mmempa hizo bure, 19 hivi kwa michezo mitatu, na huenda zilimsaidia katika makombe mawili ya kwanza. Msingi lazima uwe juu ya wastani wa mchezaji bora, na uwe juu kwa nafasi, ili mwakani akifika 195 msilazimike kuubadilisha. Wekeni 200. Wengi wanadhani kuinua msingi kunawapendelea wanyonge. Si kweli. Wote walio chini ya msingi wanapanda kwa kiasi kilekile, na tofauti kati yao inabaki palepale. Anayeguswa ni yule aliyekuwa amechungulia nje ya dari.

Asilimia, basi. Mchezaji wa 188 na mchezaji wa 88, ambaye naye yumo kwenye orodha yako, wameachana kwa pini 100. Kwa asilimia 80, anayejua anabaki mbele kwa pini 20 kila mchezo, 60 kwa michezo mitatu. Kwa asilimia 90 anabaki mbele kwa 10 kila mchezo, 30 kwa mitatu. Kwa asilimia 100 hakuna kilichobaki, wanaanza sawa kabisa. Wanaotetea asilimia 100 husema hiyo ndiyo haki kamili, na kwa mechi ya watu wawili wenye wastani wa kweli nakubaliana nao. Lakini ninyi mko 24. Kwa asilimia 100, kama kila wastani ni wa kweli, mhasibu wenu ana nafasi moja hivi kati ya 24, sawasawa na kila mtu. Kombe linamwendea aliyeamka vizuri siku hiyo. Hilo si kosa, ni uchaguzi, ila mjue mnachokichagua. Je, aliyejifunza kwa miaka minane apate faida kidogo au asipate kabisa?

Mimi nadhani apate kidogo. Nawapendekezea asilimia 90. Asilimia 80 ni nzito kwa kikundi ambacho watu wake wameachana kwa pini 100, kwa sababu pini 60 za kuanzia nyuma zinamvunja moyo yule wa 88 kabla hajavaa viatu. Asilimia 100 inataka wastani wa kuaminika sana, na ninyi bado mnacheza na michezo tisa. Mkifika 21, jadilini tena. Kwa msingi wa 200 na asilimia 90, mhasibu anapata hendikapu ya pini 10, mwenye 135 anapata 58, na dada wa 88 anapata 100 kamili. Vipande vya desimali tupeni siku zote, kwa kila mtu, bila kukadiria juu.

Kuhusu kuwazuia wanaozidi 170, naomba msifanye. Kwenye orodha yako ni watu watatu, 188, 174 na 171. Umeandika mwenyewe kwamba mhasibu ndiye aliyewafundisha wengine jinsi ya kushika mpira. Mtu wa namna hiyo ukimfungia mlango, umefunga pia darasa. Na kikomo cha kuingilia kina tabia moja mbaya: kinafundisha watu kujificha chini yake. Mwenye 171 atajua kwamba pini moja tu inamtenga na safari, na fremu za kumi zitaanza kuingia mtaroni, kama za yule mzee wangu. Mnachokiogopa mtakuwa mmekipanda wenyewe.

Vikomo vina kazi nyingine, nzuri zaidi, ya kugawa zawadi. Wagaweni katika madaraja mawili, na kila daraja liwe na zawadi ya alama ghafi, yaani pini zilizoanguka bila hendikapu. Msikate mahali pa namba ya mviringo. Kuna aliyependekeza 160, ila orodha yako juu inakwenda hivi: 188, 174, 171, 166, 162, 158, 157, kisha 139. Ukikata 160 unamtenga mwenye 162 na mwenye 158, ambao kwa michezo tisa hakuna awezaye kuapa nani bora. Ukikata kwenye ule mwanya kati ya 157 na 139, hakuna atakayelalamika kwamba pini moja imempeleka daraja lisilo lake, na hakuna atakayeweza kujishusha daraja kwa kukosa speya mbili. Juu wanakuwa saba, chini 17. Haijalishi kwamba hawalingani kwa idadi. Zawadi ya alama ghafi ya daraja la juu iwe na thamani sawa na kombe la hendikapu, si cheti tu. Hapo mhasibu ana kitu chake cha kupigania, na akipoteza kombe la hendikapu hatalichukia.

Timu nazo zina namna yake. Umeuliza kama muweke kikomo cha jumla ya wastani kwa timu ya watu wanne, kwa mfano 560. Inafanya kazi: mwenye 188 akiwa ndani, watatu waliobaki wasizidi 372, yaani 124 kila mmoja. Shida ni kwamba makapteni wataanza kuwinda watu wenye wastani mdogo usio wa kweli, na tunarudi kwenye lumbesa. Kwa kikundi cha 24 napendelea upangaji wa nyoka. Orodhesha wote kutoka wa kwanza hadi wa 24. Sita wa kwanza waanzishe timu sita, wa saba aende timu ya sita, wa nane ya tano, mpaka wa 12 aingie timu ya kwanza, kisha wa 13 timu ya kwanza tena, unashuka hivyo hivyo. Timu ya kwanza inakuwa na wa 1, wa 12, wa 13 na wa 24. Ya sita inakuwa na wa 6, wa 7, wa 18 na wa 19. Hakuna kapteni wa kuchagua, hakuna kikomo cha kukwepa. Na ukishazipanga hivyo, timu zicheze kwa alama ghafi. Kulinganisha timu kwa nyoka halafu kuzibebesha hendikapu juu yake ni kulipa deni moja mara mbili.

Pini 15 za wanawake? Hapana, na nalisema hili kwa heshima yao. Hendikapu haijui mwanamke wala mwanamume, inajua wastani. Mwanamke mwenye 110 tayari anapata pini 81 kila mchezo, na mwanamume mwenye 110 anapata 81 hizohizo. Ukimwongezea yeye 15 umemwambia mwenzake kwamba pini zake ni nyepesi. Kuna mashindano ya Ulaya yasiyotumia hendikapu kabisa ambayo yamekuwa yakiwapa wanawake pini 8 kila mchezo, na huko ina maana yake kwa sababu hakuna chombo kingine cha kusawazisha. Ninyi mnacho. Mwaka 2010 Kelly Kulick, Mmarekani, aliingia fainali ya Tournament of Champions ya wachezaji wa kulipwa, akampiga Chris Barnes 265 kwa 195, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la ziara ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Kwenye orodha yako mwenye 174 ni mwanamke. Mngempa 15 yeye pia?

Jambo moja la ukumbi, kwa haraka. Njia ya boling hupakwa mafuta, na kwenye kumbi za kawaida huwa mengi katikati na machache pembeni, hivyo mpira unaopotoka kidogo unarudishwa kuelekea pini. Kila ukumbi unapaka kwa namna yake, na mafuta huhama kadiri mipira inavyopita. Wastani wa ukumbi mmoja haumaanishi kitu kilekile kwenye ukumbi mwingine. Chagueni ukumbi mmoja na muda mmoja wa siku, mbaki hapo, vinginevyo daftari lenu litakuwa linachanganya debe na kilo.

Mwisho ni utaratibu wako wewe kama katibu, maana hendikapu nyingi zilizovunjika nimeona zimevunjikia kwenye simu ya katibu. Weka orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp siku saba kabla ya safari: jina, idadi ya michezo, jumla ya pini, wastani, hendikapu. Jumla ya pini ionekane, si wastani peke yake, ili yeyote aweze kugawa mwenyewe. Pingamizi lipokelewe mpaka jioni ya kuamkia safari. Treni ikishaondoka Dodoma, orodha imefungwa, hata kama mtu atakumbuka akiwa Morogoro kwamba mwezi uliopita alipata 201 mahali fulani. Na kombe la safari ya tatu mwachieni kijana. Alishinda kwa kanuni mliyomkuta nayo, na wastani ule mliuandika ninyi.

Namba yake ya safari ijayo nimeshaipiga. Nimeihesabu ile michezo miwili ya sherehe kwa mara ya mwisho, kwa kuwa mlikwisha kuipokea: pini 184, na 462 za safari, jumla 646 kwa michezo mitano, wastani 129. Safari yenyewe ilikuwa 154, imezidi kwa zaidi ya kumi, kwa hiyo tunachukua katikati, 141. Hendikapu 53. Bado hajafika michezo tisa, safari ijayo atacheza katika timu na kugombea alama ghafi za daraja la chini, ila si kombe la hendikapu. Mpigie simu umweleze wewe mwenyewe kabla orodha haijatoka, asije akaisoma kwenye kundi pamoja na watu wengine 23.